Anayeposa Ndiye Hutangulia

Siku Anifa binti Idrisa alipofukuzwa kazi, hakufukuzwa. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Mtu akifukuzwa walau hupewa heshima ya kuambiwa kwamba alikuwepo.

Alifika kwenye ghala la asali la Mzee Abdulatifu, kule karibu na stesheni, saa moja na nusu asubuhi, kama alivyofika kila siku kwa miaka sita, kijiko chake cha mti kikiwa ndani ya mkoba. Langoni akamkuta Majidi. Majidi ndiye aliyekuwa afisa utumishi wa pale, kijana wa miaka thelathini mwenye viatu ambavyo havijawahi kukanyaga nta. Mkononi alishika karatasi yenye orodha ya majina, na alikuwa ameisimamisha kifuani utadhani ni ngao.

"Shikamoo, Bi Anifa."

"Marahaba. Leo wewe ndiye mlinzi?"

"Jina lako halimo humu."

"Humu wapi?"

"Kwenye orodha ya wafanyakazi. Nimepekua faili lako. Mkataba wako hauna sahihi. Yako haipo, ya mzee haipo. Kwa hiyo kisheria, Bi Anifa, wewe hapa hujawahi kuajiriwa."

Anifa alicheka, akidhani ni utani. Majidi hakucheka. Nyuma yake, uani, wanawake wenzake walikuwa wameacha kuosha ndoo na walikuwa wanatazama ardhi. Koleta peke yake ndiye aliyeinua uso, na uso wenyewe ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Sababu ya kweli Anifa aliijua, na ilikuwa imepangwa ghalani mle ndani, ndoo sitini.

Kazi yake ilikuwa kuonja. Wafugaji wa nyuki walileta asali kutoka Sikonge, kutoka Urambo, kutoka misitu ambayo hata majina yake mtu wa mjini hayajui, na hakuna ndoo iliyoingia ghalani bila kupita kwenye ulimi wake. Aliyevuna kwa moshi mwingi, alimjua. Aliyevuna kabla asali haijaiva, alimjua. Aliyetia maji alimjua kabla kijiko hakijafika mdomoni. Ndoo aliyoikubali aliifunika, akabandika donge la nta pale kifuniko kinapokutana na ukingo, akalikandamiza kwa dole gumba la kulia. Dole hilo lilikuwa na kovu lililolikata katikati, alama ya kisu cha utotoni, kwa hiyo muhuri wake haukufanana na wa mtu mwingine yeyote. Ujuzi huo aliurithi kwa marehemu mama yake, aliyeuza asali sokoni kwa vibuyu na kuvifunga vivyo hivyo. Wanunuzi wa Dar es Salaam walikwisha kuzoea. Walipopiga simu hawakuuliza bei kwanza, waliuliza kama ile ya dole ipo.

Sasa, siku moja kabla ya ule mkasa wa langoni, dalali mmoja alishusha ndoo sitini kwa mpigo. Anifa alifungua ya kwanza, akachovya, akatema. Akafungua ya pili na ya tatu. Akafunga kifuniko.

"Hii imepikwa jikoni," alisema. "Ni sukari. Nyuki hawana habari nayo."

Mzee Abdulatifu alikuwa amesimama pale pale, tasbihi mkononi. "Piga dole, Anifa. Mnunuzi anangoja, na gari limekwisha kukodiwa."

"Sipigi, mzee."

"Nakuomba."

"Hata ukiniamuru. Dole langu si la kufunikia sukari."

Alisema hayo mbele ya wanawake wanane na makuli watatu. Mzee Abdulatifu alikuwa mtu mzima wa mji, watu humpisha njia akitoka msikitini, na katika umri wake wote pengine hakuwahi kuambiwa sipigi. Hakugombana. Aliingia ofisini, akamwita Majidi, akafunga mlango. Kesho yake ndiyo ile karatasi kifuani.

Na huo mkataba nao una kisa chake, maana usipokijua utadhani Anifa alikuwa mzembe.

Miaka sita nyuma, Mzee Abdulatifu alikwenda mwenyewe hadi mtaa wa Ng'ambo, kwenye baraza la Mzee Idrisa, baba yake Anifa, kumwomba binti huyo aje kumwonjea asali. Mzee Idrisa ni fundi cherehani. Ameshona kanzu kwenye baraza hilo kwa zaidi ya miaka arobaini, na hajawahi kukosa la kusema juu ya jambo lolote lililo chini ya jua. Wakakubaliana vizuri. Wiki iliyofuata Anifa akaanza kazi, akapewa karatasi tatu zilizobanwa pamoja, aende nazo nyumbani azisome, atie sahihi, azirudishe. Akampelekea baba yake azione. Mzee Idrisa akavaa miwani, akasoma mpaka ukurasa wa mwisho, akaona mistari miwili mitupu.

"Yeye mbona hajatia yake?"

"Amesema nianze mimi."

"Tangu lini? Nani kamfuata mwenzake? Ni yeye aliyekuja kukaa kwenye mkeka wangu akakuomba. Anayeposa ndiye hutangulia. Umeshaona mwanamke anajibu posa ambayo haijaletwa? Irudishe. Akishatia yeye, nawe utatia."

Anifa akairudisha. Lakini Mzee Abdulatifu naye si mtu wa kuja jana. Ukoo wake ulijenga mtaa wa Gongoni zama zile watu wanafika Tabora kwa miguu kutoka pwani, na alikuwa na desturi zake mwenyewe. "Mgeni ndiye anayepiga hodi," alisema kwa upole, "si mwenye nyumba. Nyumba ni yangu. Akitia yeye, nitatia."

Mkataba ukarudi Ng'ambo. Ukatoka Ng'ambo ukaenda stesheni. Kwa mwezi mmoja ulisafiri mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, na kila ulipokwenda ulikwenda na salamu nyingi, na kila uliporudi ulirudi na salamu nyingi zaidi. Wazee wale wawili walikutana msikitini kila Ijumaa, wakaulizana afya, wakaulizana watoto, na hakuna aliyetaja karatasi. Mwishowe karatasi ilichoka kabla yao. Ikalazwa ndani ya mtoto wa meza, ikasahauliwa, na Anifa siku zote hizo yuko kazini, anaonja na kupiga dole. Mzee Abdulatifu alipoona kazi inakwenda salama bila sahihi, hata wale wanawake wanane walioajiriwa baadaye aliwaandikia karatasi zao na kuziacha vivyo hivyo, tupu chini.

Ndivyo kiburi cha wazee wawili kilivyokuja kumfungia lango mwanamke mmoja.

Alirudi nyumbani kwa hasira. Mzee Idrisa alipokisikia kisa chote, kwanza alimsifu kwa kukataa sukari, kisha akaanza kumlaani Abdulatifu kwa jina na kwa ukoo. Anifa alimwacha amalize.

"Baba," alimwambia, "posa yako imenivunjia ndoa."

"Mimi?"

"Ningetia sahihi siku ile, leo ningekuwa mtu. Sasa wanasema sikuwepo."

Mzee Idrisa akakanyaga cherehani kidogo, pasipo kitambaa. "Babu yangu alibeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo," alisema. "Kichwa chake na mzigo wake. Hakuandikiana na mtu."

"Na alilipwa?"

Cherehani ikasimama. "Hilo hakutusimulia," alisema mzee.

Wiki tatu zikapita. Kila aliyemwuliza alimjibu lile lile: huna sahihi, huna kesi. Muuza duka alisema. Jirani aliyewahi kuwa mgambo alisema, tena kwa sauti ya hakimu. Majidi alimtuma Koleta kwamba mzee yuko tayari kumpa mkono wa kwaheri, aje kimyakimya akauchukue, yaishe.

"Kamwambie kwaheri huagwa aliyekuwepo," alijibu Anifa. "Mimi si wanasema sikuwepo?"

Lakini Koleta alipoondoka, alikaa jikoni akalia. Hakulia njaa. Alilia kwa sababu alihesabu Ramadhani sita alizoonja na kutema, baada ya kwenda kumwuliza shehe na kuruhusiwa, ili kazi ya Abdulatifu isisimame. Alikumbuka pia arubaini ya mama yake, ambayo aliiacha saa sita kwa sababu magari ya Sikonge yalikuwa yamefika. Mtu wa kuitwa hakuwepo ndiye huyo? Alikuwa na miaka arobaini na nne, na alihisi wamemnyang'anya sita.

Siku ya ishirini na sita Koleta alikuja tena, safari hii mbiombio, bado ana aproni.

"Dada, kimenuka. Zile ndoo Majidi alizipiga dole lake mwenyewe. Mnunuzi katumiwa picha, kapiga simu, anauliza hili dole lisilo na kovu ni la nani. Kasema bila lile la siku zote hapokei hata moja. Zote sitini bado ziko ghalani."

"Zinanihusu nini? Sikuwahi kuajiriwa."

"Nenda kwa Mwalimu Apolinaria," alisema Koleta. "Pale parokiani kwetu. Alifundisha shule, siku hizi ni msaidizi wa kisheria. Kaka yangu Damas walimfukuza kwenye tumbaku, yeye ndiye aliyemsimamia. Nenda tu."

Mwalimu Apolinaria alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyemsikiliza mtu huku akimtazama kama anayesahihisha daftari. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya sahihi.

"Uliambiwa usiingie tarehe ngapi?"

Anifa akaitaja. Mwalimu akahesabu kwenye kalenda ya ukutani.

"Leo ni siku ya ishirini na saba. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi ndani ya siku thelathini. Ulikuwa unangoja nini?"

"Sina sahihi, Mwalimu. Nilijua sina kesi."

"Nani alikuambia?"

"Watu."

"Watu," alirudia Mwalimu, kwa namna ambayo watu wale wangeona haya kama wangekuwepo. "Haya nijibu. Saa ya kuingia kazini alipanga nani?"

"Mzee."

"Nta, mizani, aproni, vya nani?"

"Vyake. Kijiko ndicho changu."

"Ulikuwa na kazi ya mtu mwingine?"

"Muda ningeutoa wapi?"

"Basi sheria inakuhesabu mwajiriwa, na yeye akitaka kusema vingine, athibitishe yeye. Tena nikuambie jambo ambalo huyo kijana wake ama halijui ama analificha. Kukupa masharti ya kazi kwa maandishi ulikuwa wajibu wa mwajiri. Haukuwa wako. Mkigombania masharti hayo na yeye hana karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Hawezi kuacha kufanya wajibu wake halafu akautumia uzembe huohuo kukupiga nao."

"Kwa hiyo mkataba usio na sahihi unafunga?"

"Kilichowafunga ni makubaliano, na makubaliano mliyaishi miaka sita. Alikupa kazi, ukafanya, akakulipa, kesho yake ukaja tena akakufungulia lango. Sahihi ni shahidi mzuri, na siku nyingine usikubali kukaa bila huyo shahidi, ya nini kuandikia mate na wino upo? Lakini shahidi mmoja asipokuja, haina maana jambo halikutokea."

"Kwa hiyo baba hakunikosesha haki."

"Baba yako amekukosesha usingizi tu."

Kesho yake walikwenda pamoja kuchukua fomu. Palikuwa na sehemu ya kueleza unachotaka. Mwalimu alimwambia wengi huandika fidia, kwa kuwa kurudi kwa mtu aliyekufukuza si kazi ndogo.

"Andika nataka kurudishwa kazini," alisema Anifa.

"Una hakika?"

"Zile ndoo sitini sijamaliza kuzikataa."

Waliitwa wiki tatu baadaye, chumba kidogo chenye meza moja na feni inayozunguka kwa kusitasita. Msuluhishi alikuwa Bwana Eliya, mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mzee Abdulatifu aliingia na kanzu nyeupe ambayo Anifa aliutambua mshono wake, ya baba yake ile, na nyuma yake Majidi amebeba faili nene. Mkononi mzee alikuwa na kitu kimefungwa gazeti. Alisalimia kila mtu, akamwuliza Anifa hali ya baba yake, kisha akafungua gazeti na kuweka mezani chupa ya asali.

Msimfikirie vibaya. Hakuwa anahonga. Alilelewa hivyo, kwamba mtu mzima haingii kwenye baraza la watu mikono mitupu, na angeona haya zaidi kuja bila kitu kuliko kuja bila wakili.

"Mzee, nashukuru," alisema Bwana Eliya, "lakini hapa siruhusiwi kupokea hata maji. Ikae hapo hapo mezani, ukiondoka utaondoka nayo."

Chupa ikabaki katikati.

Majidi ndiye aliyesema, na alijiandaa. Alieleza kwamba kampuni haina mkataba na mlalamikaji. Ili asionekane amemwonea mtu, alifungua faili na kutandaza mikataba yote tisa, wa Anifa na ya wanawake wanane, aonyeshe kwamba hakuna hata mmoja wenye sahihi. Wote ni vibarua wa kuja na kuondoka, alisema. "Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari."

"Na daftari la kampuni anaandika nani?" aliuliza Bwana Eliya.

Majidi akageuka kumtazama mzee.

"Naona karatasi tisa zilizoandaliwa na kampuni," aliendelea msuluhishi, "zina majina, zina kazi, zina saa za kuingia na kutoka. Mimi hapa sihukumu, nasuluhisha. Ila mkishindwana, shauri litakwenda kwenye uamuzi, na huko mtaulizwa kama huyu mama alifanya kazi hii iliyoandikwa humu. Mjiandae kwa swali hilo. Sahihi haitakuwa swali la kwanza."

Mzee Abdulatifu akakohoa. "Bwana mkubwa, tusifike mbali. Huyu ni kama binti yangu. Alikuwa anakuja kutusaidia tu."

Kutusaidia. Neno hilo lilimwingia Anifa kama mwiba wa nyuki, na sumu yake ikapanda taratibu. Alikuwa ameapa moyoni kwamba Mwalimu ndiye atakayesema, lakini Mwalimu alimtazama, akamwona, akarudisha mgongo kwenye kiti na kumwachia.

"Mzee," alisema Anifa, "naomba nikuulize swali moja tu, kwa heshima."

"Uliza, binti yangu."

"Dole lililo kwenye chupa hiyo ni la nani?"

Wote wakaitazama chupa. Pale kifuniko kilipokutana na shingo palikuwa na donge la nta, limekandamizwa vizuri, na mstari wa kovu umepita katikati. Mzee alikuwa amechagua chupa bora kuliko zote alizonazo kabatini, na iliyo bora ilikuwa lazima iwe ile.

"Hiyo ni nembo tu ya kampuni," alidakia Majidi.

"Nembo ina kovu?" Anifa aliweka mkono wa kulia mezani, dole juu. "Mzee, jibu wewe. Ukisema ni langu, utueleze lilifikaje hapo ikiwa mimi si mfanyakazi wako. Ukisema si la mtu, simu unayo mfukoni. Mpigie mnunuzi wako wa Dar sasa hivi, mwambie miaka yote sita asali aliyoinunua haikupimwa na mtu, kulikuwa na mama mmoja anapita kusaidia."

Feni ikazunguka. Majidi alikuwa anakusanya karatasi ambazo hazikuhitaji kukusanywa. Mzee Abdulatifu aliutazama ule mkono kwa muda mrefu, na inawezekana, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya bali mtu aliyezoea, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuutazama.

"Ni lako," alisema.

"Basi nilikuwepo."

"Ulikuwepo." Akajipangusa uso. "Haya yaishe, Anifa. Kesho njoo. Upige zile ndoo, gari liondoke, tusahau."

"Kuja nitakuja. Kuzipiga sizipigi."

"Sasa utakuja kufanya nini?"

"Kuonja. Nitazionja tena moja moja mbele yako. Yenye asali itapata dole. Yenye sukari itarudi kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi uliyokuja kuniombea kwa baba, hukuja kuomba dole peke yake."

Bwana Eliya akauliza kama yaandikwe. Mzee akafikiri, akainamisha kichwa kuafiki. Yakaandikwa kwenye fomu ya Tume: anarudishwa kazini, utumishi wake unahesabiwa tangu siku ya kwanza kana kwamba hakuondoka, na ulimi wake ndio utakaosema ipi ni asali. Fomu ikamalizwa bila ubishi, kila mmoja akatia sahihi pale alipoonyeshwa. Kisha msuluhishi akauchukua ule mkataba wa zamani, karatasi tatu zilizokuwa za njano pembeni, akauweka mezani.

"Na huu nao, kwa nini usipate sahihi leo? Miaka sita inatosha."

Mkono wa Mzee Abdulatifu ukaenda wenyewe. Aliusukuma mkataba kwa Anifa.

Anifa akausukuma ukarudi.

Mzee akausukuma tena, kwa ncha za vidole, kwa adabu ile ile ya miaka yote. Majidi akasema, Bi Anifa, ni utaratibu, mwajiriwa huanza. Mwalimu Apolinaria alikuwa ameshika mdomo, na haikuwa kwa huzuni.

"Mzee wangu," alisema Anifa, na safari hii hakuugusa. "Baba alisema utangulie kwa kuwa wewe ndiye uliyeposa. Wewe ukasema nitangulie kwa kuwa mimi ndiye mgeni. Wote wawili mlikosea. Mimi nimekwisha kutangulia. Kila ndoo iliyotoka ghalani kwako ina sahihi yangu, miaka sita sasa. Anayengojwa ni wewe."

Bwana Eliya akatoa kalamu moja mfukoni, akaiweka juu ya karatasi, akatazama dirishani.

Mzee Abdulatifu akaichukua. Alitia sahihi polepole, kwa herufi za mtu aliyesoma chuo cha Kurani kabla ya shule, akairudisha karatasi. Anifa hakuishika.

"Na za wenzangu."

"Zipi tena?"

"Hizo nane. Majidi amezileta mwenyewe, Mungu ambariki."

Majidi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee alimtazama kwa jicho ambalo kijana huyo atalikumbuka, kisha akavuta mkataba wa Koleta, akatia. Akavuta unaofuata. Alipofika wa nane mkono ulikuwa umechoka na sahihi zimeanza kulala, lakini alitia. Hapo ndipo Anifa aliposoma karatasi zake tatu, zote, hadi nukta ya mwisho, huku wakimngoja, naye akaandika jina lake chini ya la mzee.

Jioni, Mzee Idrisa alikuwa barazani na sindano mdomoni. Alipomwona binti yake anakuja hakuuliza kama ameshinda. Alitoa sindano.

"Alitangulia nani?"

"Mimi, baba," alisema Anifa. "Yeye alifuata."

Mzee akataka kubisha, akamtazama usoni, akaona heri aendelee na kola yake.

Kesho yake saa moja na nusu Majidi alifungua lango, akaamkia, akapisha. Ndoo sitini zilikuwa zimepangwa ukutani na Mzee Abdulatifu amekaa karibu nazo kwenye kiti cha plastiki, tasbihi mkononi. Koleta alikuja na bakuli la maji ya kusukutua, akafungua kifuniko cha kwanza. Nta ya Majidi ilibanduka na kuanguka sakafuni bila hata kuvutwa. Anifa akatoa kijiko chake, akachovya, akaiacha juu ya ulimi muda aliotaka, akatema.

"Irudi," alisema, na kusogelea ya pili. Zilibaki hamsini na tisa, na siku ilikuwa bado mbichi.